Komando Hana Shida

Shemeji yangu, mume wa dada, anauza magodoro lakini anajiita Komando. Jeshini hajakanyaga hata getini. Ugonjwa wake ni mmoja: hajui kusema ana shida. Jino lilimvimbisha shavu mpaka jicho likazibika, ukimuuliza hali, "Freshi tu." Alianguka kutoka juu ya rundo la magodoro akavunjika kifundo cha mguu (wewe, mtu anavunjikaje kwenye magodoro!), akachechemea wiki nzima dukani akisingizia viatu vipya.

Basi huyo ndiye aliyenijia nimfundishe kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa. Ndiyo kazi yangu, hapa ziwani. Nikamweleza kama ninavyowaeleza wote: maji yakichafuka ghafla usione kitu, unasimama. Unamshika mwenzako mkono, mnaifuata kamba, mnapanda taratibu, na pumzi hamzibani hata mara moja. Kwa kuwa hamwonani, mnaulizana kwa mkono: kubana mara moja ni freshi, mara mbili ni shida.

"Hiyo ya mbili wafundishe wengine, shemeji," akasema, akijipiga kifua.

Huko chini mambo yalikuwa mazuri, mpaka Komando alipoamua kuwaonyesha samaki jinsi ya kuogelea. Akapiga yale mapezi ya mpira ya miguuni kama anafukuzwa na nyuki, matope yote yakatibuka. Akawasha tochi yake kubwa, ndiyo kwanza mwanga ukarudishwa na matope, mbele yetu pakawa ukuta mweupe kama maziwa. Nikampapasa, nikamkamata mkono, nikaushikisha kwenye kamba. Nikambana mara moja: vipi? Akanibana mara moja: freshi.

Freshi gani, na mkono unatetemeka mpaka bega langu linatikisika? Nikakivuta kipimo chake cha hewa, nikakibandika kwenye miwani yangu, tochi pembeni. Mshale unakaribia sifuri! Hofu yote alikuwa anaimalizia kwenye mtungi, anahema mbiombio. Niliogopa, kusema kweli, na hasira zikanipanda papo hapo. Nikamtia mdomoni kipumulio changu cha akiba, nikamshika mkanda, tukapanda taratibu tukivuta hewa ya mtungi mmoja.

Dada alikuwa anatusubiri ufukweni, na mimba yake ya kwanza, katikati ya wateja wangu waliongoja zamu.

"Kulichafuka huko chini," Komando akaanza, hata maji hayajamtoka puani, "ikabidi nimsaidie shemeji kidogo."

Haya! Nikamkabidhi dada kile kipimo, asome mwenyewe.

Akasoma. Akauliza hewa hiyo ingemfikisha wapi, nikamwambia isingemfikisha juu. Nilidhani atapiga kelele. Wala.

"Ungekufa leo," akamwambia mumewe, mkono tumboni, "huyu ningemwambia nini? Baba yako alikufa hajambo?"

Komando akaketi palepale na mapezi yake miguuni, akalia kwa kwikwi mbele ya wateja wangu wote, na mimi sikumpa hata taulo.