Mama wa Nani

Mimi ndiye kifungua mimba, kwa hiyo tangu nilipozaliwa kijiji chetu kizima cha Chiungutwa kilimwita mama yangu kwa jina langu. Hata padre wetu alimwita hivyo. Nilipokwenda Chicago kusoma chuo kikuu, niliamini jina lile nimemwachia alitunze.

Mwaka wa tatu, asubuhi moja ya theluji, nilikuwa bwenini nikiongea naye kwa video. Yeye alikuwa uani anabangua korosho. Jirani akapita, akamwamkia, "Shikamoo, Mama..." kisha akataja jina la mdogo wangu, yule aliyefeli kidato cha nne akabaki nyumbani kupulizia mikorosho dawa ya salfa. Mama akajibu, "Marahaba," wala hakushtuka.

Mimi niliyeonewa wivu na kijiji kizima, leo namwonea wivu mbeba bomba la salfa!

"Mama," nikafoka, "siku hizi wewe ni mama wa nani?"

Akacheka. "Wa yule anayeitika nikimwita."

Nikakata simu. Akapiga tena. Iliita mpaka ikanyamaza, nami naitazama.