Madarasa Matatu ya Awali

Binti yangu alipotimiza miaka mitano nilimtoa kwa bibi yake kijijini Momba, nikamleta Tunduma aanze darasa la awali. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Kwa bibi walizungumza Kinamwanga tu. Nikajiambia simwandikishi popote kabla sijajionea mwenyewe. Nilifunga genge langu la nyanya siku tatu, nikazunguka naye shule za serikali za jirani.

Ya kwanza iko hatua chache kutoka tulipopanga. Watoto walikaa sakafuni, wamebanana hivi kwamba mwalimu alifundishia mlangoni. Ndani hapakuwa na pa kukanyaga. Alimwuliza binti yangu jina. Akajibu kwa Kinamwanga, wenzake wakaangua kicheko. Mwalimu hakucheka.

"Mama, nitampokea," aliniambia. "Lakini nisikudanganye, kumsikiliza mmoja mmoja siwezi."

Ya pili, kule mlimani, ilikuwa na madawati na chumba kipana. Ila mwalimu wa awali hakuwepo. Wadogo walikuwa wamewekwa nyuma ya darasa la kwanza, wananakili herufi wasizozijua.

Ya tatu ilikuwa ng'ambo ya barabara kuu, malori yanakopanga foleni ya mpakani. Humo nilikuta mikeka, vizibo vya soda vya kuhesabia na picha za wanyama ukutani. Mwalimu, mama wa makamo, alichuchumaa hadi macho yake yakalingana na ya binti yangu, akamsalimia kwa Kinamwanga. Mtoto akatabasamu. Nilitoka nje nikalia.

Nikamwandikisha hapo. Kila asubuhi nilimvusha kati ya malori, nimemshika mkono hadi akalalamika namuumiza. Wiki chache tu akawa anarudi na nyimbo za Kiswahili, anawaimbia wateja wangu gengeni.

Baada ya likizo tulikuta yule mwalimu amehamishwa. Hakuletwa mwingine. Watoto wake wakachanganywa na darasa la kwanza, mikeka ikafungiwa stoo. Nilimwendea mwalimu mkuu.

"Hata mimi inaniuma, mama," alisema. "Nimeandika barua mpaka nimechoka. Tuvumilie."

Nimhamishie wapi? Ile ya kwanza ilikuwa imezidi kufurika, na ya pili haikuwa na tofauti na hii.

Nyimbo zikakoma. Kila kukicha akawa anaumwa tumbo. Nilimpeleka zahanati, hawakuona ugonjwa. Siku moja nilichungulia dirishani nikamwona ameegemea ukuta wa nyuma, daftari limefungwa. Jioni nilimwuliza kwa nini haandiki. Akanijibu kwa Kinamwanga kwamba anataka kurudi kwa bibi.

Sasa yuko darasa la kwanza na jina lake bado hawezi kuliandika. Juzi mwalimu wake aliniita pembeni, akaniambia kwa upole kwamba mwanangu ni mzito kuelewa. Nilitaka kumweleza kuhusu zile nyimbo. Nikaishia kusema, "Sawa, mwalimu," nikaenda kufungua genge.