Ekiru Hayupo, na Tumemaliza wa Nne

Mpaka saa hii siamini. Nimefungua ukurasa huu wa timu yetu ya basketball kama Jumatatu zote, nikakaa nikingoja ripoti ya wiki kutoka kwa Ekiru. Nimengoja kama mjinga.

Ekiru, kapteni wetu, tulimzika juzi, Jumamosi asubuhi, hapa Lodwar. Gari la kazi lilibingirika naye kwenye barabara ya Lokichoggio. Ni hayo tu. Sina maneno mengine na tafadhali msiniulize inbox.

Anayeandika ni Madam Nekesa, team manager, yule wa kufokea watu wakichelewa mazoezi. Kuandika hapa ilikuwa kazi ya Ekiru, si yangu.

Mnakumbuka alivyokuwa anaandika? Tulipochapwa vibaya kule Lokichoggio, Loki kwa kifupi, ripoti ilisema: "Ring ya Loki ni nyembamba kuliko yetu, nimepima kwa macho." Watu wa Loki walijaa kwenye comments na hasira zao. Yeye alikuwa anawajibu mmoja mmoja, kwa adabu, akizidi kuwachokoza.

Wengi hamjui kazi yake nyingine. Mugisho, yule mrefu wetu, ni mkimbizi kutoka Congo, anaishi kambini Kakuma. Kila game ya nje ya Kakuma lazima apate movement pass, ile ruhusa ya kutoka kambini. Bila hiyo hapiti kizuizi cha polisi, hata kama umati wote unamngoja uwanjani.

Ekiru alikuwa ameajiriwa Kakuma. Ijumaa akitoka ofisini kwake, anaenda kukaa na Mugisho kwenye benchi ya ofisi ya pass mpaka pass itoke. Halafu mimi huku Lodwar napata sms: "Mrefu anakuja." Hapo ndipo nilikuwa napanga line-up.

Timu nne za juu ndizo zinaingia playoffs. Mwezi jana tulikuwa wa tatu, tukajiona wafalme. Ekiru peke yake alitaka tumalize wa nne. Tulimcheka hotelini, chapati mdomoni.

"Madam, sikiza basi. Namba tatu anaenda kwa namba mbili, Loki. Namba nne anaenda kwa vinara, na vinara wako Kakuma. Loki ni kungoja pass. Kakuma, Mugisho anakuja na slippers zake."

Nikamwambia vinara watatuua. Akasema afadhali tuuawe tukiwa wote.

Tukapoteza mbili mfululizo, tukateremka mpaka wa tano. Ikabaki game moja, Jumamosi jioni, hapa nyumbani. Tukishinda, tunaingia wa nne. Tukishindwa, msimu umekwisha.

Halafu Jumanne nikapigiwa simu.

Wiki nzima ikawa ni meeting juu ya meeting. Hema, jeneza, gari la kutoa mwili mochari. Nilikuwa naitikia tu, ndiyo, sawa, ndiyo. Mtu akinisalimu "ejok" najibu bila kujua ni nani.

Ijumaa jioni Mugisho akanipigia. "Madame, ile pass yangu iko kwa nani?"

Kila mtu alidhani kuna mtu anaishughulikia. Msimu mzima mtu huyo alikuwepo, na sasa alikuwa mochari.

"Ofisi imefunga, Mugisho."

"Basi kapiteni sitamuzika?"

Nikamwambia nitampigia kesho, nikarudi kwenye meeting.

Tulimzika nyumbani kwao. Vijana walisimama na jezi zao, mmoja mmoja akatupa udongo. Mimi niliangalia mikono yangu ikitupa, kama ya mtu mwingine. Tukataka kuahirisha game. Mama yake akatukatalia: "Nendeni mcheze. Huyo mtoto, angekuwa ni mwingine amekufa, angekaa hapa kweli?"

Tukaenda. Upepo ulikuwa umemwaga mchanga kwenye court, tukafagia wenyewe. Tulishinda kwa kikapu kimoja. Watu wakaruka, wakanikumbatia, na mimi nilikuwa nakunja bibs za mazoezi. Sikusikia chochote moyoni. Hata furaha ya kusingizia sikuipata.

Nikampigia Mugisho kumpa matokeo. Hakuuliza score. Aliuliza, "Nani alinitupia ule udongo wangu kaburini?"

Hakuna aliyekuwa amemtupia.

Nikachukua boda, nikarudi kwa kina Ekiru, bado na T-shirt ya timu. Nilimkuta mama amekaa kando ya kaburi na shanga zake, peke yake, wale wa hema wameshaondoka. Nikamwomba ruhusa. Nikachota udongo, nikamtaja Mugisho kwa sauti, nikatupa. Kisha nikampigia tena, nikaiweka simu pale chini, spika imewashwa.

"Kapiteni, ni mimi," Mugisho akasema. "Leo batoto balicheza muzuri. Tuko wa nne. Wewe ndiye ulitaka wa nne. Sasa mimi nitacheza hapa Kakuma na wewe hauko. Kapiteni, unisamehe sikukuja."

Simu ikabaki na kilio chake tu. Sikujua kama nikate au niache.

Mama akageuka. "Ni ule mrefu?"

"Ndiyo, mama."

"Mwambie mimi nimemsikia."

Watu wangu, hapo ndipo nililia. Tangu Jumanne, hapo ndipo.

Ripoti ya wiki ni hiyo. Tumeshinda, tuko wa nne, semi ni Jumamosi Kakuma saa kumi. Walio karibu njooni, mkae upande wa Mugisho.

Ekiru, ndugu yangu, umeniachia kazi nisiyoiweza. Nitaifanya vibaya, lakini nitaifanya. Na Ijumaa za msimu ujao, kwenye ile benchi, nitakaa mimi. Ulale salama, Kapteni.