Nilimuuza Mrushaji Wangu kwa Kidole Kimoja

Ubingwa tulioupoteza haukupotezwa na mrushaji wetu. Niliupoteza mimi. Wala sikukosea, nilifanya makusudi! Mnitukane mkitaka, nimeshajitukana sana.

Mimi ni Mtanzania, mtu wa Tanga, umri unaelekea arobaini. Hapa Durban nacheza besiboli ya kulipwa, ingawa Jumatatu hadi Alhamisi bado utanikuta Mobeni napanga maboksi ghalani. Uwanjani kazi yangu ni kudaka. Nachuchumaa nyuma ya mpigaji wa wapinzani, uso umefunikwa na waya, mrushaji wetu ananitupia mpira. Kabla hajarusha namwonyesha vidole chini, katikati ya mapaja, mpigaji asione. Kidole kimoja, mpira wa kasi ulionyooka. Viwili, ule wa taratibu unaopinda. Akikubali anaitikia kwa kichwa, asipokubali anatikisa.

Mrushaji huyo nitamwita Dido, si jina lake. Mkongo wa Bukavu, mdogo kwangu kwa miaka kumi na mbili. Nilimwona mimi mwenyewe pale ghalani, anarusha maboksi juu ya lori bila hata kukunja uso. Nikamwambia njoo Jumamosi. Nikampa glavu yangu ya zamani. Nikamfundisha kila kitu, mpaka namna ya kutema mate!

Halafu akanipita.

Siku moja tulikuwa tumesimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, pale Pinetown tukisubiri kuvuka. Vijana wakatuona, wakamkimbilia. "Dido! Dido!" Mimi wakanipa simu niwapige picha. Nikawapiga, na nikawakata vichwa wote makusudi. Mtu mzima mimi!

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Tukitoka uwanjani mke wangu anasema, "Ulimwona Dido leo?" Nilimwona? Kwani hiyo mipira ilikuwa inadakwa na jini?

Lakini aliyenimaliza ni binti yangu wa miaka kumi. Nilimfundisha alama zote za vidole, tulikuwa tunacheza uani, ndoo ndiyo mpigaji. Fainali ilipokaribia akaomba jezi. Nikafurahi, nikajua baba anaenziwa. Akataka mgongoni iandikwe namba ya Dido.

Nikacheka. Nikasema sawa, mama. Nikaingia bafuni, nikafungua maji, nikakaa tu.

Fainali yetu ni mechi saba, anayeshinda nne ndiye bingwa. Tukafika tatu kwa tatu. Ya saba ilikuwa kwetu, Jumamosi mchana. Jukwaani alikuwepo msaka vipaji kutoka ng'ambo, amemfuata Dido, na kila mtu alijua. Kabla hatujaingia Dido akanishika mkono.

"Kaka, nikienda kule, kitu ya kwanza nitawaambia nani alinifundisha. Bila wewe mi niko bure."

Maneno matamu hayo! Mimi nikasikia "nikienda" tu.

Ikafika zamu ya mwisho ya wapinzani kupiga. Tunaongoza kwa pointi moja, wao wana mtu mmoja kwenye kituo cha kwanza, na sisi tumebakiza kumtoa mpigaji mmoja tubebe kombe. Mpigaji mwenyewe ni lile jitu lao la mkono wa kushoto. Tulikuwa tumemsoma wiki nzima. Mpira wa kasi anaula, wa kupinda hauoni kabisa. Hata binti yangu angejua cha kuomba.

Nikashusha kidole kimoja.

Dido akatikisa kichwa. Nikakishusha tena kilekile, nikakikaza. Akanitazama kidogo, kisha akaitikia.

Sikutaka tushindwe, wallahi! Nilitaka apigwe kidogo tu, yule msaka vipaji aanze kusitasita, basi. Nilisikia mlio wa gongo na sikuhitaji kuangalia. Mpira ukavuka uzio, wakapata pointi mbili. Kwenye zamu yetu, watu wetu watatu wakatolewa mmoja baada ya mwingine, na wenzetu wakabeba kombe nyumbani kwetu.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo kocha akauliza nani aliomba mpira ule. Nikafungua mdomo. Dido akawahi. Akamwambia ni yeye, kwamba mimi niliomba wa kupinda na yeye akakataa. Kocha akamtukana mbele ya wote. Mimi nikainama kufungua kamba za viatu, na zilikuwa zimeshafunguka.

Msaka vipaji aliondoka bila hata kumsalimia. Wiki nzima watu walimtafuna Dido mitandaoni, wengine wakasema amehongwa. Mimi nikapewa pole!

Jumapili moja binti yangu alikuwa anaangalia marudio kwenye simu. Kuna kamera inakaa nyuma ya mrushaji, inamtazama mdakaji. Akarudisha. Akarudisha tena.

"Baba, kwa nini ulionyesha kimoja?"

"Nilikosea, mama."

"Mara mbili?"

Nyie! Nilitamani sakafu ipasuke. Hakulia. Alisema neno moja tu, "Mwambie." Ile jezi akaikunja akaiweka kabatini, na uani hachezi tena na mimi.

Nikaenda kumngoja Dido nje ya kanisa lao. Nikamwambia yote. Nilitaka anipige, ingekuwa afadhali. Akaihamishia Biblia kwapani.

"Eish, kaka. Mara ya kwanza nilikatala. Mara ya pili nikasema mu roho, uyu ni kaka, hawezi kuniuzisha. Iko kitu ameona, mi sijaona."

"Nisamehe, Dido."

"Nimesamehe."

Nadhani kweli alisamehe, ndivyo alivyo. Kocha bado sijamwambia, nilikosa moyo. Ndiyo maana naandika hapa, ili nyie mliosema kijana wa watu amehongwa mjue mkosaji ni nani. Wenye kunitambua na wanitambue.

Bado tunafanya kazi ghala moja. Zamani, kabla hajanirushia boksi, alikuwa anasimama na kutazama mkono wangu, anasubiri nimpe kidole, tunacheka wote. Siku hizi harushi. Ananiletea boksi mpaka mikononi, ananiambia, "Shika, monsieur." Monsieur, bwana kwa Kifaransa, kama mtu baki! Mimi niliyekuwa kaka.

Wewe unayesoma hapa na roho inakuuma kwa ajili ya mtu uliyemshika mkono wewe mwenyewe, nakuomba, umia kimyakimya na umwache aende. Leo ningekuwa nimekaa na binti yangu namtazama Dido kwenye televisheni ya ng'ambo. Wivu ungenichoma, tena sana. Lakini angenipigia simu baada ya mechi, na angeniita kaka.