Kengele ya Jumapili

Miaka ile wakimbizi wa Burundi walipokuwa bado wengi Ngara, nilikuwa fundi wa mtandao katika shirika moja lililohudumia kambi. Ofisi yetu ilikuwa mjini, kilimani, na dishi la setilaiti lilikuwa uani. Kutoka hapo mnara ulirusha mawasiliano hadi chumba cha kompyuta kambini.

Laini ilikuwa nyembamba. Ikijaa, taarifa za chakula na dawa zilikwama, ndipo mkuu wa ofisi akanitaka niweke kengele kwenye ruta, kile kifaa kinachogawa mawasiliano. Kazi yenyewe si ngumu. Unachagua poti, yaani tundu la laini inayokwenda kambini, unaiwekea kiwango cha juu. Data ikikipita kwa dakika kadhaa, ruta inatuma onyo. Kisha unaweka kiwango cha chini, na onyo halifutwi mpaka laini ishuke hapo, la sivyo kengele italia na kunyamaza kila mara kutwa nzima. Nilijaribu, nikarekebisha, nikaridhika. Maonyo yalikuja kwangu na kwa mkuu.

Siku za kazi kulikuwa kimya. Ililia Jumapili, baada ya misa.

Nilijua sababu kabla sijaulizwa. Chumba cha kambini kilisimamiwa na mkimbizi mwenyewe, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Muyinga. Jumapili aliwafungulia wenzake waliopotezana na ndugu. Aliingiza picha za ndugu hao kwenye kompyuta, akazituma kwa wasimamizi wa kambi za Kigoma. Picha hizo ndizo zilizojaza laini.

"Chumba kifungwe Jumapili," mkuu aliniambia.

"Mkuu, siku hiyo ofisi haina kazi. Naweza kupandisha kiwango Jumapili tu, kengele isilie."

"Shida yangu si kengele. Laini hii ni ya chakula na dawa. Leo picha, kesho nini?"

Nilirudi kumwomba tena. Hakubadilika, nikaenda kambini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, fundi. Naona hukuja na habari njema."

Nilimweleza. Hakubishana. Alinionyesha tu mama mmoja aliyekaa kwenye benchi nje. Mwanawe alipotea walipokuwa wakivuka mpaka upande wa Murusagamba, na picha yake ilikuwa imetumwa wiki iliyopita.

"Huyu nimwambie nini?"

Siku nyingine kompyuta za kule zilikuwa za taarifa za shirika tu, barua binafsi zimekatazwa, kwa hiyo nikamwomba neno la siri la barua pepe yake, niwe naifungua mjini na kumletea majibu kila nikija. Alinipa.

Jibu lilikuja wakati wa masika. Kijana alikuwa hai, Kasulu, na picha yake mpya ilikuwa imeambatanishwa. Alikuwa ameshaota ndevu. Niliichapisha palepale. Lakini gari la ofisi lilikuwa Biharamulo, na barabara zilikuwa tope tupu, nikasubiri. Nilipofika kambini, kibanda cha yule mama kilikuwa kimebaki miti mitupu, turubai limeondolewa.

"Amepanda msafara wa kurudi Burundi," mwalimu alisema. "Alisema chumba kimeshafungwa, basi labda mtoto naye ametangulia nyumbani."

Nilimkabidhi ile picha. Baadaye tuliandika Kasulu kwamba mama amerudi, lakini tulijua mkoa wake tu, hatukujua kijiji. Kijana akajibu kwamba naye alivuka akiwa mdogo mno, hakumbuki jina la kijiji.

Mwalimu naye alirudi kwao kiangazi kilichofuata. Picha aliiweka ndani ya Biblia yake.

"Nitauliza kila soko, fundi. Nikimpata, nitakutumia salamu kwa madereva."

Kwa hiyo kila mara malori ya msafara yaliporudi kutoka Kobero, ng'ambo ya mpaka, nilishuka barabarani kuwauliza madereva. Waliniletea salamu za watu wengine, na mara moja mfuko wa maharage kutoka kwa bibi aliyekuwa akiuza katika soko la kambi. Za mwalimu hawakuwa nazo. Nilizidi kuwauliza mpaka kambi ikafungwa, nao walinijibu kwa upole kwamba huko walimu ni wengi.