Kadi Nyekundu Sebuleni

Refa wetu wa mtaani amewatoa nje watu wengi: mabeki, makocha, na siku moja shemeji yake mwenyewe aliyekuwa akiuza maji tu pembeni. Kisha kiharusi kikaja kikamtoa yeye. Mkono wa kulia, ule wa kadi, ukabaki ukining'inia kama soksi kwenye kamba.

Hospitali ikamletea roboti nyumbani. Usifikirie mtu wa chuma anayetembea. Ni mkono wa bati unaofungwa mezani kwa skrubu, unaushika wako kwa mikanda na kuusaidia kupanda. Kwenye skrini kuna ndege. Ukiinua mkono, naye anapaa. Alama zinakwenda zenyewe kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Fainali ya mtaa ilikuwa mwezi ujao, na refa asiyeweza kuinua kadi ni mtazamaji mwenye filimbi.

Wiki nzima ndege alifika usawa wa kifua, akagoma. "Jaribu tena," mashine ikabembeleza kama mwalimu wa chekechea. Refa akachoka kubembelezwa. Akafunga mkono wa kushoto kwenye mikanda. Ndege akatoboa mawingu.

"Mzee, umeotea!" mkewe akapiga kelele toka jikoni.

"Refa haotei, mama."

Siku ya tatu simu ikalia. "Hongera baba, umepona! Kesho naja kuichukua, kuna mgonjwa anaisubiri."

Mtaalamu, binti wa rika la kitinda mimba wake, alifika asubuhi, akapewa chai, akaanza kufungua skrubu. Refa jasho likamtoka.

"Mwanangu... uliopona ni wa kushoto."

"Wa kushoto haukuwa mgonjwa, baba."

"Ndiyo maana umepona upesi," mkewe akadakia.

"Mtu mzima unaidanganya mashine! Basi inakwenda kwa anayetaka mazoezi." Binti akafungua skrubu ya pili.

Hapo refa akasahau kwamba anaumwa. Mkono wa kulia ukajikokota hadi mfuko wa shati, ambamo kadi haijawahi kutoka hata alipolazwa. Ukapita kifua. Ukapita kidevu. Ukasimama juu ya sikio, ukitetemeka. Nyekundu!

"Huo ni upi?" binti akauliza polepole.

"Wa kulia," mkewe akajibu, analia na kucheka kwa zamu.

Skrubu zikarudi. "Wiki tatu zaidi. Yule mgonjwa nitamtafutia nyingine. Lakini ole wako na huo wa kushoto!"

"Nimekubali, mwanangu. Ila kadi ni kadi."

Binti wa watu akabeba kikombe chake, akaenda kumalizia chai nje.