Kipande cha Mama

Harufu ya karafuu ikichemka na maganda ya machungwa hunirudisha kwenye ngazi za jengo letu la Fereej Bin Mahmoud, jijini Doha, nikiwa darasa la tatu, nimekumbatia chupa ya karafuu nisije nikaiangusha. Karafuu zile alizileta mama kutoka Pemba, na msimu ule yeye mwenyewe alikuwa amerudi huko kumuuguza bibi. Nilibaki na baba, msimamizi wa madereva wa hoteli moja mjini. Alinipikia wali ukashika chini, akanisuka nywele zikaenda upogo, na kila nilipomuuliza mama anarudi lini alinijibu kwamba subira yavuta heri. Lakini nilikwishamsikia akimwambia mwenzake kwenye simu kuwa mama akizidi kukaa nje, kibali chake cha kuishi hapa kitakufa, na kupata kingine si kazi ndogo. Tangu siku hiyo nilikuwa na hofu. Nilikuwa nayo shuleni, nilikuwa nayo hata mbele ya katuni.

Juu yetu aliishi Bibi Hilda, mjane wa Kiingereza aliyekuwa akifundisha, mrefu, mwenye kicheko kilichosikika hadi kwa muuza duka wa chini. Kila mwaka, wiki kadhaa kabla ya Krismasi, alikuja kwa mama kuomba karafuu za kutia kwenye pudini. Safari hii nilimpelekea mimi. Pudini ni keki nyeusi, nzito, ya zabibu kavu, inayopikwa kwa mvuke nusu ya siku kisha ikaachwa ilale wiki nyingi. Kwao huko hutiwa pombe. Yeye, kwa kuwa sisi Waislamu tungeila, alitia maji ya machungwa na asali ya tende, na bado baba alipanda ngazi kuuliza, akauliza tena, mpaka nikaona haya. Desturi yao ni kuikoroga Jumapili, lakini kwa kuwa mapumziko ya Doha ni Ijumaa, na hata makanisa ya Abu Hamour hujaa siku hiyo, Bibi Hilda aliihamisha Jumapili yake bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Kila aliyemo nyumbani, alinieleza, hukoroga kutoka mashariki kwenda magharibi, kwa sababu mamajusi waliokwenda kumwona mtoto Yesu walitoka mashariki, na huku akikoroga huomba jambo moja moyoni. Ukilitamka limeharibika. Baba alisimama mlangoni akipiga hesabu ya pande za dunia. "Kutoka hapa, magharibi si ndiko kibla?" akasema. "Basi koroga, mwanangu, hujapotea." Niliushika mwiko kwa mikono miwili. Nilimwomba Mungu mama awe amerudi kabla pudini ile haijaliwa, nikafumba mdomo, na wiki zote zilizofuata sikumwambia mtu.

Krismasi ikafika, mama hakufika. Huku si sikukuu ya serikali, kwa hiyo baba alikuja saa ya chakula akiwa na sare yake ya kazi. Bibi Hilda alitupa fataki za karatasi ambazo watu wawili huvuta, huyu ncha hii na yule ncha ile, mpaka zipasuke. Ya baba ilipopasuka aliruka na kusema, "Astaghfirullahi!" Ndani mlikuwa na taji la karatasi ya kijani, na kwa kuwa mwenyeji alivaa lake, baba naye alivaa, akala kuku kwa heshima zote kama sultani aliyekosa raia. Nilicheka mpaka pudini ilipoletwa. Hapo nilikumbuka, nikakodolea sahani macho. Baba, asiyejua lolote, akanitania. "Kula wewe. Asiyekuwepo na lake halipo."

Nililia kwa sauti, bila aibu. Bibi Hilda alitaka kujua nimeambiwa nini, na baba, taji likiwa limemwangukia sikioni, ilimbidi autafsiri msemo wake. Yule mjane alitikisa kichwa. "Kwetu lipo," alisema. Akakata kipande kinene, akakifunga kwa karatasi ya foili, akanichukua jikoni tukiweke kwenye friza. Mle ndani mlikuwa na kingine, kimeshika theluji. Nikamuuliza ni cha nani. "Cha mwanangu, Peter. Cha mwaka jana." Peter alikuwa Australia, na kazi zilimbana. Nilishuka ngazi na hofu mpya. Niliogopa kipande cha mama kisije kikazeeka pale pamoja na kile cha Peter.

Mama alirudi kabla joto halijaanza, bibi akiwa amepata nafuu na kibali kikiwa bado hai. Sikumpa nafasi ya kuvua baibui. Nilimvuta mpaka juu, na Bibi Hilda akakipasha moto kipande chake, mama akakitazama. "Ndiyo mmeniwekea kilichoungua?" aliuliza, kisha akakimaliza chote, amesimama. Mimi nilikuwa nimemshika nguo. Cha Peter kilibaki kwenye friza, na kwa furaha niliyokuwa nayo sikumwonea Bibi Hilda huruma hata kidogo.

Bibi Hilda alirudi kwao zamani. Siku hizi supamaketi za hapa huuza pudini ndani ya boksi, unapasha, unakula, hakuna aliyekoroga wala aliyeomba. Mimi naishi Muaither, pembeni mwa Doha, na mume na watoto. Krismasi si yetu, lakini kila majira ya baridi huchagua Ijumaa moja nikapika, na watoto hukoroga kuelekea kibla. Mama yuko Wete, kwao Pemba. Humwonyesha kipande chake kwenye simu, naye kila mwaka husema, "Niwekeeni, nakuja," ilhali daktari keshatuambia kwamba kwa moyo ule hapandi tena ndege. Juzi nilifungua friza kukiweka cha mwaka huu, nikakuta cha mwaka jana kimeshika theluji. Nilivisogeza vikae pamoja, nikafunga mlango.